Kopo la kwanza nililaumu bure

Kopo la kwanza nilikosea namna ya kulinywa. Nilikuwa na kiu, limetoka kwenye friji linatiririka jasho, nikalifungua na kugugumia hapo hapo nimesimama. Chungu kama shubiri! Harufu sikuipata hata kidogo. Nikajisemea, hii ndiyo bia wanayoisifia hivi? Nilikuwa nimenunua manne, kutoka kiwanda kidogo kinachopika tangi moja moja, na yaliyobaki nilikuwa tayari kuyagawa.

La pili nililiacha mezani robo saa, kisha nikamimina kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Hapo ndipo tulipojuana. Bia ina rangi ya dhahabu iliyofifia, ina ukungu kama juisi isiyochujwa, na povu lake zito liliacha mduara kwenye kioo kila nilipopiga funda. Nikasogeza pua: kwanza balungi, lile ganda lake ukilikamua, halafu embe lililoiva, na nyuma yake majani mabichi yaliyofyekwa sasa hivi. Na humo ndani hakuna tunda hata moja. Ni maji, kimea cha shayiri, hamira na maua ya hopi, yale yanayoipa bia uchungu na harufu, basi.

Kopo linasema hopi zake ni Cascade na Citra. Cascade ni ya siku nyingi, ilitolewa Marekani mwaka 1972, na harufu ya balungi ndiyo sifa yake. Embe nadhani ni kazi ya Citra. Hopi ikichemshwa muda mrefu hutoa uchungu, lakini harufu hupaa na mvuke. Ndiyo maana mpishi hutia nyingine jikoni mwishoni, na nyingine tena kwenye tangi bia ikishapoa. Hawa hawakufanya ubahili. Uchungu wameuandika IBU 60 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia), wakati bia nyingi nyepesi za viwanda vikubwa hazifiki 25, ila haukwaruzi koo. Unakuja ukishameza, unatulia pembeni mwa ulimi, kisha unadai funda jingine. Kimea kimefunikwa mno, mimi ningekiongeza kidogo. Kilevi ni asilimia 6.5 na hakijitangazi, kwa hiyo mnywaji ajiangalie.

Ninalolalamikia ni tarehe. Siku ya kujazwa imegongwa chini ya kopo kwa wino hafifu, niliisoma kwa tochi ya simu. Kinachoonekana wazi ni mwisho wa matumizi, mwaka mzima mbele. Sawa, haitakudhuru, lakini harufu ya hopi haingoji mwaka. Kopo jingine nililisahau kabatini miezi miwili, kwenye joto. Kulifungua, balungi halipo, embe halipo. Umebaki uchungu mkavu na ladha ya boksi lililolowa maji, na rangi imeshaanza kuelekea kahawia. Kabati ni langu na kosa ni langu, lakini wangeandika kwa herufi kubwa kwamba iwekwe baridi na inywewe mapema, ningeiokoa.

Lile lililobaki nilikuwa nimeshalinywa na mdogo wangu, ambaye kitu kichungu hakimpiti kooni. Alinusa, akanusa tena, akaonja kidogo, akakunja uso na kunirudishia glasi. Baada ya muda akaiomba tena. Si kwa kunywa, anataka kunusa tu.