Majani ya kifua kutoka duka moja la Chake Chake

Kila kinapoingia kipupwe, nyumbani kwetu Wete hakukosekani mtu wa kukohoa, na mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Nilinunua pakiti ya gramu 100 ya majani ya kifua, kwa shilingi 6,000, katika duka la dawa za asili lililo jirani na soko la Chake Chake, nikayanywa kwa siku sita mfululizo, asubuhi na usiku.

Ndani ya pakiti mna maganda makavu ya machungwa, maganda mekundu ya vitunguu maji, mchaichai, tangawizi iliyopondwa na karafuu. Muuzaji, mzee mmoja mpole ambaye wateja wote humwita Maalim, alinielekeza nitie vijiko viwili vya chai katika birika, nimimine maji yanayochemka, kisha nifunike kwa dakika kumi bila ya kuyarudisha motoni. Chai inatoka nyekundu ya kupendeza, yenye uchungu kidogo unaotokana na utando mweupe wa chungwa, ila karafuu imezidi kiasi cha kuifunika harufu ya mchaichai; na sisi watu wa Pemba, ambao wakati wa mavuno tunalala na kuamka na harufu ya karafuu zilizoanikwa, si wepesi wa kulalamikia jambo hilo. Nilipotia asali, koo lililainika na nikapata usingizi usiokatizwa na kikohozi. Siwezi kusema kwamba majani ndiyo yaliyoniponya, kwa kuwa mafua ya kawaida huondoka yenyewe baada ya wiki moja hivi.

Lililonifanya niandike ni karatasi iliyobandikwa juu ya pakiti, isemayo: “Ina flavonoidi zinazoua virusi vya mafua na korona.” Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu ya pili ni ya kumpoteza mgonjwa. Flavonoidi, yaani dutu za asili zinazopatikana katika mimea mingi, zimo kweli. Ganda la kitunguu chekundu lina flavonoidi iitwayo kwasetini, nyingi kuliko nyama yake ya ndani, na ganda la chungwa lina nyingine iitwayo hesperidini. Elimu hii si ngeni, kwani mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria na wenzake walizitoa dutu hizi katika malimau wakaziita vitamini P, jina ambalo baadaye liliachwa ilipobainika kuwa si vitamini. Kinyume na alivyoniambia kijana msaidizi wa dukani, yujenoli inayoipa karafuu harufu yake haimo katika jamii hiyo, ingawa karafuu nayo ina flavonoidi zake nyingine.

Katika maabara, kwasetini imeonekana kukizuia kimeng’enya ambacho virusi vya korona hukitumia kukatia protini zake ili vizaliane. Lakini chombo cha maabara si pafu la mtu. Kwasetini tunayoinywa hufyonzwa kidogo, na hicho kidogo hubadilishwa na utumbo na ini kabla hakijazunguka mwilini, hata kinachobaki katika damu huwa chini mno ya kipimo kilichotumika maabarani. Ndiyo sababu watafiti waliichanganya na lesithini, dutu ya mafuta, ili ifyonzwe vizuri zaidi, na jaribio lililochapishwa mwaka 2021 kwa wagonjwa 152 wa korona ambao hawakuwa wamelazwa lilionesha kwamba waliopewa dawa hiyo, pamoja na matibabu ya kawaida, walilazwa hospitali kwa uchache zaidi. Matokeo hayo yanatia moyo, na mimi nayafurahia, ila jaribio lilikuwa dogo, na kila mtu alijua nani anapewa nini. Isitoshe, vidonge vilivyopimwa miligramu kwa miligramu havilingani na kikombe cha maganda.

Nilirudi kumweleza Maalim kwamba maandishi yale yanaweza kumfanya mama mwenye mtoto anayehema kwa shida akae nyumbani na birika badala ya kukimbilia hospitali. Alinisikiliza, akasema, “Mwanangu, mimi nauza cha kutuliza kifua, sikusema kinaua kitu,” na akaahidi kuyabadilisha. Namwomba aongeze mambo mawili: kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitiliwe asali, na kwamba anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Kwa kutuliza koo na kukupa kitu cha moto chenye ladha, bei ni ya haki, nami nitanunua tena. Hata hivyo, pakiti haina tarehe ya kufungwa, na maganda ya machungwa huota ukungu upesi wakati wa masika, kwa hiyo mwombe akufungulie unuse kabla ya kulipa.