SQLite kwa daftari la madeni: salio halipotei ukipanga mistari vizuri

Duka la leso Biashara Street au la jumla Kongowea, Mombasa, lenye kompyuta moja na wateja wa mkopo, hifadhidata ya SQLite inalitosha, tena ni ya bure. Daftari zima ni faili moja. Jioni funga programu, nakili faili kwenye flashi, basi. Tunachokipima hapa ni kitu kimoja tu: salio linalosonga, yaani deni la mteja baada ya kila muamala, kama lile la safu ya mwisho ya daftari la karatasi.

Toleo kwanza. Salio hilo tunalipata kwa fanksheni za dirisha, yaani hesabu za OVER zinazojumlisha mistari mingi huku kila mstari ukibaki peke yake; ziliingia SQLite toleo la 3.25.0, Septemba 2018. Andika SELECT sqlite_version(). Uone uliyo nayo. Wasumbufu ni simu: Android 10 kwa kawaida hubeba 3.22, na swali (query) lililo hapa chini hugoma kwenye mabano yanayofuata OVER. Android 11 ina 3.28, haina neno.

SELECT mteja, tarehe, namba, kiasi,
SUM(kiasi) OVER (PARTITION BY mteja ORDER BY tarehe, namba ROWS UNBOUNDED PRECEDING) AS salio
FROM miamala;

Mali aliyochukua iandikwe chanya, alicholipa hasi. Ukisahau PARTITION BY, deni la mteja mmoja linamwangukia mwenziwe.

Penye kuchanganya watu ni hapo kwenye ROWS. Usipoiandika, SQLite hutumia RANGE, na RANGE huihesabu mistari yote yenye mpangilio sawa kama mstari mmoja. Chukua mteja aliyebeba mali ya 4,800 tarehe 3, kisha siku hiyo hiyo akalipa 2,000. Ukipanga kwa tarehe peke yake, mistari yote miwili inaonyesha 2,800, na mteja atauliza ile 4,800 imekwenda wapi. ROWS peke yake nayo haitoshi, maana hakuna kinachoamua muamala upi utangulie. Ndiyo sababu ya kuweka namba ya risiti, isiyojirudia, baada ya tarehe.

Tarehe zenyewe ni maandishi tu. Andika 2024-06-03. Ukiandika 03/06/2024, Julai mosi itatangulia Juni tatu na salio lote linavurugika kimyakimya, bila onyo lolote. Hilo ndilo doa kubwa la SQLite. Pesa nazo ziwekwe kwa senti, namba kamili. Desimali huhifadhiwa kwa makadirio.

Ukitaka Juni peke yake, usiweke WHERE ndani ya swali hili. WHERE hufanya kazi kabla ya SUM, kwa hivyo deni la Mei linafutika na salio linaanza sifuri. Lifunge swali zima ndani ya jingine, kisha chuja kwa nje.

Kasi ni nzuri. Njia ya kale ya kujumlisha upya kwa kila mstari, kwa mteja mwenye miamala 10,000, ni kusoma mistari kama milioni 50. Dirisha hupita mara moja, na faharasa (index) ya (mteja, tarehe, namba) huondoa hata kazi ya kupanga.

Ukifungua tawi Likoni, usiliweke faili hilo kwenye mtandao kaunta mbili ziandikie pamoja: SQLite huruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na kufuli zake, zinazozuia wawili kuandika kwa pamoja, haziaminiki kwenye folda za mtandao. Hamia PostgreSQL, hifadhidata ya seva inayopokea waandishi wengi, swali hilo hilo linakwenda bila kubadilisha herufi.