Wundanyi kwa Msafiri wa Shanta: Uchambuzi Kutoka Mombasa

Assalamu alaikum, ndugu watazamaji, na karibuni. Mmezoea kuona juu ya meza hii simu, feni au jiko la gesi, lakini leo bidhaa ninayoichambua ni mji, nao ni Wundanyi, ulioko kwenye vilima vya Taita. Ninaupima kwa ajili ya mtu wa aina moja tu, yaani yule anayetoka hapa Mombasa na shanta mgongoni, asiye na gari wala haraka, anayetaka kulala penye baridi na kushinda akitembea kwa miguu. Hukumu yangu naitoa mapema: mji huu humlipa vizuri anayekaa, na humpunja anayekwenda asubuhi na kurudi jioni.

Safari yenyewe si ngumu. Treni ya asubuhi inayotoka Miritini na kusimama vituo vya njiani itakushusha Voi, mwendo wa takriban kilomita 150, na hapo utapanda matatu inayopitia Mwatate. Baada ya Mwatate barabara huanza kupanda kwa kona kali, masikio huziba, na mashamba ya mkonge yaliyokuwa yamekuzunguka hubaki chini huku matuta ya kabichi, migomba na mahindi yakichukua nafasi yake. Mboga nyingi zinazopakiwa huko juu huteremshwa hadi soko la Kongowea, kwa hiyo huenda wengi wetu tumeshaila Wundanyi kabla ya kuiona.

Kuhusu malazi, sitawadanganya kwamba kuna anasa. Kuna gesti za kawaida, safi kwa kiasi, na bei zake ni nafuu ukilinganisha na Nyali au Diani. Gesti moja, ambayo sitaitaja, iliniahidi maji ya moto yaliyokuja baada ya saa mbili za usiku yakiwa vuguvugu, na blanketi lake lilikuwa la kumfunika mtu wa Mombasa akiwa Mombasa. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba kabla ya kulipa uingie chumbani, ufungue bomba mwenyewe, na uombe blanketi la pili wakati mwenyeji bado anakutaka.

Sasa nije kwenye sababu ya kwenda, nayo ni msitu wa Ngangao. Vilima vya Taita ndio mwisho wa kaskazini wa Milima ya Tao la Mashariki, safu ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania, na misitu yake ya asili imebaki vipandevipande juu ya vilele baada ya sehemu kubwa mno kukatwa kwa ajili ya kilimo au kupandwa misonobari na mikaratusi. Tofauti hiyo utaiona kwa miguu yako: chini ya misonobari ardhi ni kavu, imefunikwa na sindano za majani na kimya, lakini ukivuka kuingia Ngangao udongo unakuwa mweusi na laini, mashina yamevaa kuvu na mimea midogo ya kijani, na matone yanadondoka ingawa mvua hainyeshi. Matone hayo yanatoka baharini kwetu. Upepo wa kusi, huu unaotupulizia hapa Likoni, huvuka nyika kavu ya Taru na Tsavo ukiwa bado na unyevu, hugonga vilima, hupanda, hupoa na kugeuka ukungu unaoinywesha miti. Humo ndani anaishi ndege mmoja mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, mkesha wa Taita, ambaye hapatikani popote duniani nje ya vilima hivi na yumo hatarini kutoweka. Mwongozaji wa kijijini atakuonyesha anapochakura majani makavu chini, mradi usimame kimya. Anayepita kwa mwendo wa kukimbiza matatu ya kurudi atasikia tu kitu kikikimbia.

Kilele cha Vuria, chenye mita 2,208, ndicho kirefu kuliko vyote vya Taita. Minara ya mawasiliano imeharibu sura yake, nami sikuipenda, lakini ukiamka mapema na anga likiwa safi utaona nyika ya Tsavo imetandazwa chini yako, na huenda Kilimanjaro ikajitokeza upande wa magharibi. Asubuhi moja ukungu ukikunyima, asubuhi ya pili inaweza kukupa, na hiyo ndiyo maana ya kuweka kambi mjini badala ya kupita tu.

Yapo pia mapango ambamo Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao. Hayo si ya kupigia picha za mapozi; nenda na mwenyeji, omba ruhusa, na ukiambiwa usiguse, usiguse.

Chakula ni cha kushibisha zaidi ya kusisimua, isipokuwa ukipata kimanga, yaani mseto wa Kitaita wa maharage na mihogo au viazi vitamu, kilichopondwa vizuri, ambacho mkahawani ni nadra, kwa hiyo muulize mwenyeji wako.

Kwenye shanta weka sweta zito, koti la mvua na viatu vyenye meno, kwa sababu njia za udongo huteleza na ndara zitakuaibisha. Mwezi wa sita hadi wa nane ni wakati wa baridi na ukungu, mzuri kwa msitu na mbaya kwa mandhari. Anayetaka kuona mbali achague Januari au Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, siipendekezi kwa anayetembea kwa miguu. Na siku ya kurudi, teremka Voi asubuhi na mapema, kwani matatu husubiri kujaa ndipo ziondoke.