Siku 30 za AFCON ndani ya banda umiza moja la Tandika

Banda umiza ninalolitathmini hapa, yaani kibanda cha kutazamia mpira kwa kiingilio kilichoko Tandika, Dar es Salaam, halina jina. Lina ubao mweusi mlangoni, ambao kila asubuhi huandikwa kwa chaki mechi za siku, saa zake na kiingilio, na mwandishi wake hana muda na tahajia: Jumatatu ya tarehe 22 Januari 2024 nilikuta ameandika "IKWETA GINI NA IVORI KOSTI, SAA 2, JERO". Kwa jero hizo, yaani shilingi 500 kwa kila mechi, nilitazama humo mechi 46 kati ya 52 za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) lililochezwa Kodivaa, yaani Ivory Coast, kuanzia Januari 13 hadi Februari 11. Katika siku hizo nilionana na mwenye banda mara nyingi kuliko nilivyoonana na mke wangu, jambo ambalo mke wangu amelifanyia tathmini yake mwenyewe.

Anayetafuta mahali pa kutazamia fainali hana haja ya maelezo yangu, kwa kuwa usiku wa fainali hata kinyozi huitoa televisheni yake barazani. Kipimo cha mtu aliyeshikwa na mpira ni kingine: je, banda litafunguliwa Jumanne usiku kwa ajili ya Tunisia na Namibia? Hili lilifunguliwa. Tulikuwa wanne, mmoja wetu akiwa amelala, na Deon Hotto alipofunga kwa kichwa dakika ya 88 tukashuhudia Namibia ikipata ushindi wake wa kwanza katika historia ya mashindano haya. Mwenye banda alikusanya shilingi 2,000, fedha ambazo hazitoshi kununua hata lita moja ya petroli ya jenereta, na hakutulalamikia.

Kasoro kubwa ya banda hili ni picha, nayo inahitaji maelezo marefu kidogo. Mwenye banda ana king'amuzi kimoja, alichokiunganisha na televisheni ndogo iliyoning'inizwa pembeni, upande wa kushoto. Ukuta wa mbele ameupaka rangi nyeupe, na juu yake hurusha picha kubwa kwa projekta, lakini picha hiyo huipata kwa intaneti kupitia kompyuta. Tofauti kati ya picha hizo mbili, ambayo niliihesabu kwa saa ya mkononi, hukaribia sekunde 40. Kwa hiyo mabenchi ya kushoto huona mpira wa sasa, na sisi wengine huona mpira uliokwisha kuchezwa.

Sikuyajua hayo vizuri hadi Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilipokutana na Zambia. Simon Msuva alipofunga dakika ya 11, upande wa kushoto ulilipuka wakati ukutani mpira ulikuwa bado katikati ya uwanja, nasi tukashangilia bao ambalo tulikuwa bado hatujaliona, kisha tukalishangilia tena lilipofika. Hilo lilikuwa tamu. Zambia ilibaki na wachezaji kumi kabla ya mapumziko, na kadiri dakika zilivyosogea tulianza kuamini kwamba nchi iliyoshiriki fainali hizi mwaka 1980 na 2019 bila kushinda mechi hata moja sasa ingeshinda. Dakika ya 88 kushoto kukawa kimya. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alivua tu kofia yake na kuipakata. Ukimya ule ulitufikia kabla ya kona kupigwa, nasi tukakaa tukimsubiri Patson Daka aje aruke na kusawazisha, kama watu wanaosubiri basi ambalo wameshaambiwa limepinduka. Ushauri wangu kwa mwenye moyo dhaifu ni kwamba afike saa moja kabla ya mechi na akae kushoto.

Hata hivyo, zipo siku ambazo kasoro hiyo hugeuka neema, nazo ni siku za mwisho za makundi, ambapo mechi mbili huchezwa kwa wakati mmoja. Usiku ule wa Januari 22, kuanzia saa 5, televisheni ndogo ilionyesha Misri na Cape Verde, na ukutani kulikuwa na Ghana na Msumbiji. Ghana iliingia dakika za nyongeza ikiongoza 2-0, Msumbiji ikarudisha mabao yote mawili. Misri nayo ikafunga la pili katika dakika hizohizo na Cape Verde ikasawazisha. Tulikuwa tukigeuza shingo kama watu wanaotazama mchezo wa tenisi, na kwa kuwa ukuta ulikuwa nyuma ya wakati, hatukukosa bao hata moja. Kwa usiku ule tulilipa kiingilio kimoja tu.

Huduma ya umeme ilikuwa ya wastani. Ilikuwa miezi ya mgao, na Stars ilipohitaji ushindi dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo giza lilitushika kipindi cha pili, kijana wa jenereta akachukua dakika saba kuivuta kamba. Mechi iliisha 0-0, kwa hiyo kwa bahati mbaya hatukupitwa na lolote. Ukutani, ambako hakuna aliyetazama, Moroko ilikuwa ikiifunga Zambia 1-0, na matokeo hayo ndiyo yaliyoivusha Kodivaa, iliyokuwa imechapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta na kubaki na pointi tatu. Aliyekuja kuwa bingwa wa Afrika alikuwa akiokolewa mbele yetu, nasi tulikuwa tumempa mgongo.

Mengine ni ya kawaida. Mabenchi hayana egemeo, joto la Januari chini ya bati halielezeki, na choo ni cha nyumba ya jirani. Muuza kahawa hupita na birika lake hata saa 7 usiku, na mihogo ya kukaanga inayouzwa mlangoni ina pilipili ya kweli. Ukaaji hufuata klabu zaidi ya nchi: Mali ilipocheza na Burkina Faso watu wa Yanga waligawanyika, wengine wakiwa na kipa wao Djigui Diarra wa Mali na wengine na kiungo wao Aziz Ki wa Burkina Faso, na watu wa Simba wakakaa katikati wakiwaombea wote wawili mabaya.

Siku ya fainali kiingilio kilipanda hadi shilingi 1,000, nami nilikaa kushoto, nikamwona Haller akiifungia Kodivaa bao la pili dhidi ya Nigeria kabla ya wenzangu. Wakati wa kutoka nilimuuliza mwenye banda kama atanunua king'amuzi cha pili kabla ya fainali za 2027, ambazo Tanzania itaziandaa pamoja na Kenya na Uganda, na ambazo uwanja wake mkubwa hauko mbali na hapo. Alifikiri kidogo huku akiifuta projekta kwa kanga, akanijibu kwamba kwanza atanunua feni.