Kabla hujanunua komiki ya kikosi cha mashujaa

Nililisubiri toleo moja la komiki ya kikosi cha mashujaa wiki tatu. Binamu yangu alilinunua Dar es Salaam, akaja nalo Dodoma kwa treni ya SGR, nikamfuata stesheni mwenyewe. Jaladani mashujaa saba wamejipanga, nyuma yao mji unaungua. Ndani wakabishana mwanzo hadi mwisho nani awaongoze, adui akachungulia ukurasa wa mwisho tu, halafu: itaendelea. Niliumia, maana kikosi kile nakipenda tangu nasoma sekondari.

Basi kwa mwenye hela ya kununua mara mojamoja, mimi napanga hivi.

Namba moja, tena kwa mbali, ni juzuu la mkusanyiko. Toleo la mwezi lina kurasa 20 na ushee za hadithi. Shujaa mmoja zinamtosha. Wagawie saba, kila mtu anaambulia kurasa tatu, na hapo hujahesabu adui. Juzuu hukusanya matoleo matano au sita, kwa hiyo kisa kina nafasi ya kuanza, kuiva na kuisha ukiwa nacho mkononi. Hujui uanzie wapi? Tafuta X-Men za kuanzia 1975, kikosi kiliposukwa upya na kumwingiza Storm, ambaye mama yake ni Mkenya. Chris Claremont aliwaandika hadi 1991, na kila mmoja pale unamjua kwa tabia yake, hata akivua vazi la vita.

Namba mbili ni kusoma kwa simu kwa malipo ya mwezi. Toleo baya halikuumizi, unafungua jingine. Ila ukiacha kulipa, huna kitu. Hakikisha kwanza huduma inapatikana Tanzania na kadi yako inakubalika.

Tatu, mitumba. Fungua katikati kwanza: pale kwenye pini ndipo karatasi hunyofoka mapema. Hesabu kurasa ukiwa bado hujatoa hela.

Toleo moja jipya naliweka mkiani, na uliogope zaidi lile la sherehe. Avengers namba 200 ya mwaka 1980 ilipaswa kuwa sikukuu. Badala yake Carol Danvers, shujaa wa kikosi hicho, anaondoka na mwanamume aliyemchezea akili, na wenzake, watu waliopigana naye bega kwa bega, wanamuaga kana kwamba anaolewa kwa hiari yake. Inakera hadi leo. Mwaka uliofuata Claremont alimrudisha Carol katika toleo la Avengers linalotoka mara moja kwa mwaka, namba 10, na Carol akawaambia wenzake usoni walichomfanyia. Aliyenunua 200 peke yake alibaki na ile aibu tu.

Toleo langu nimelitunza kabatini, mbali na vumbi la kiangazi. Juzuu lake likitoka nitalinunua, nione ugomvi ule wa uongozi ulikuwa unaelekea wapi.