Kontena yangu ya karo (vigae) toka Dar mpaka Lubumbashi, uzoefu wangu na ajenti mupya wa kutoa mali bandarini

Mi nauzisha karo na vyoo hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, mali yote inatoka Foshan kule China, inashuka Dar, njo kamyo inapanda Tunduma, Zambia, mpaka Kasumbalesa, kwa mupaka wa Zambia na Kongo. Ajenti wa kwanza wa Dar, jina naacha, kazi yake ilikuwa kuniambia "meli imefika papa, tulia", na mimi natulia kweli, kumbe siku za bure za kuacha kontena bandarini zimeisha zamani, bandari inahesabu storeji yake (pesa ya kulaza kontena), kampuni ya meli nayo inahesabu demareji (pesa ya kuchelewesha kontena yao), na kamyo yangu iko getini inalala.

Huyu mupya, hata mali haijapakiwa, akaniuliza uzito. Nikacheka, karo ni karo! Akasema hapana papa, tangu Julai 2016 kontena yenye haina uzito uliopimwa haipande meli, sababu wale wenye kupanga meli wanaweka nzito chini, nyepesi juu, na pia wanaangalia kontena gani inashuka bandari gani, usije ukapangua kumi kutafuta moja. Yangu ya futi 20 ina tani 27, fundi wa karatasi kule China aliandika 24. Wakapima upya, ikapanda.

Lakini chenye kilikuwa kinanikula pesa nilikielewa Dar. Pale yadi kontena zinapandana, na yangu inaweza kuwa chini. Kamyo ikifika bila kutangaza saa, mashine inatoa kwanza zile za juu, moja moja, njo inafikia yako, na wewe uko kwa foleni nyuma ya watu wenye walitangaza. Huyu anaingiza karatasi za transiti kabla meli ifunge kamba, anatuma plaki (namba) ya kamyo na jina ya shofere, anachukua saa ya kuingia. Tuliingia saa kumi ya alfajiri, saa moja asubuhi kamyo iko nje na picha ya plombe (lakiri ya mulango wa kontena) iko kwa watsapu yangu.

Bei iko juu, dola 150 zaidi ya ule wa kwanza, sikatai. Kasumbalesa tulilala siku nne, hapo simulaumu, hiyo ni ya kwetu wenyewe.

Ila kontena tupu! Kuirudisha Dar hashughulikie, anasema ni kazi ya mwenye kamyo, mwenye kamyo anasema ni ya ajenti, na kosheni yangu (pesa ya dhamana ya kontena) bado iko kwa kampuni ya meli. Nyota 4. Kontena ya pili iko majini, uzito nilishamutumia.