Pawa saplai yenye volti 12 za jina tu

Leo nimefunga steshenari mapema kwa hasira, acha niandike. Miezi kadhaa iliyopita nilinunua pawa saplai ya kompyuta, lile boksi la ndani linalogawa umeme kwa mashine nzima, kwenye duka moja la vifaa hapa Dodoma mjini. Mashine ikitulia haina neno. Ukianza tu kuhariri video, pap! Inazima na kujiwasha upya. Video ya sendofu ya mteja nimeirudia mara tatu.

Nikairudisha. Muuzaji hata hakuigusa. "Dada, umeme wa kwako ndio mbovu. Mambo ya volti waachie mafundi." Mbele za watu! Nikabaki nimesimama na boksi mkononi kama mwizi.

Nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja wa Makole. Akachomeka ncha ya mita ya volti kwenye waya wa njano, ule wa volti 12: 12.1. Tukawasha video, ikashuka hadi 10.8, wakati haitakiwi kupungua 11.4. Waya mwekundu, ule wa volti 5: 5.1, wala hautikisiki. Nikamuuliza, inakuwaje na boksi ni moja? "Mwanangu, zote zinatoka transfoma moja, lakini saketi ya kurekebisha volti inaiangalia hiyo 5 peke yake." Kompyuta za siku hizi zinakula zaidi kwenye 12, na 5 inakaa karibu bure. Saketi ikiiona 5 iko sawa inaridhika, 12 inazama na hakuna anayeishughulikia.

Akachukua balbu ya breki ya gari, akaiunga kati ya waya mwekundu na mweusi ili 5 nayo ipate mzigo, saketi ilazimike kusukuma zaidi na 12 inyanyuke nayo. Balbu ikawaka kwa mbali, nyekundu kama kaa linalotaka kuzimika. Mita kwenye waya wa njano ikapanda: 11.5. Video ikaenda mpaka mwisho. Nilitaka kulia.

Umeme wangu ulikuwa na kosa gani basi?

Nilishaamua kusema ni ya wastani. Bei yake nafuu kweli, na kwenye kompyuta ya zamani inayokula 5 kwa wingi huenda ikakufaa bila shida. Lakini hapana. Mimi sikununua kompyuta ili niishi na balbu ya gari inayochemka ndani ya kasha. Msinunue. Na yule kaka, kupima kungemchukua dakika mbili. Mita ilikuwa pale pale kaunta, pembeni ya kikombe chake cha chai.